Haki za Msingi katika Katiba ya Tanzania: Soma Sentensi Mpaka Mwisho

Ibara ya 14 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni fupi kiasi cha kukaririwa: "Kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria." Wengi wetu tukiisoma tunaishia kwenye "hifadhi ya maisha yake", tunaridhika, tunafunga kitabu. Mwanasheria yeye anaanzia pale tulipoishia, kwenye yale maneno manne ya mwisho.

Mwaka 1994 maneno hayo yalifikishwa mbele ya Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika shauri la watu wawili walioshtakiwa kwa mauaji. Swali lilikuwa kama adhabu ya kunyongwa inaweza kukaa katika nchi moja na Ibara ya 14, na ile ya 13 inayokataza adhabu za kikatili na za kumdhalilisha mtu. Jaji akasema haiwezi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye nusu ya njia: ni kweli, kunyonga ni adhabu ya kikatili na inamvunjia mtu utu wake. Hata hivyo, ikasema, adhabu hiyo inaokolewa na Ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kuwekea haki mipaka kwa maslahi ya umma. Kwa hiyo adhabu ya kifo ikabaki kwenye vitabu, na ipo mpaka leo, ingawa aliyewahi kunyongwa kwa mara ya mwisho ni wa miongo kadhaa iliyopita.

Nimeanza na kesi hii kwa sababu inavunja dhana moja iliyozoeleka, kwamba haki ikishaandikwa kwenye Katiba mjadala umekwisha. Ibara inayotaja haki ni mwanzo wa maswali matatu: sheria gani imeiwekea mpaka, mpaka huo wenyewe ni halali, na nani ana ruhusa ya kwenda kuuliza.

Kuna sababu ya kihistoria kwa nini sentensi zimejengwa hivi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 Katiba yake haikuwa na orodha ya haki. Hoja ya viongozi wa wakati ule ilikuwa kwamba nchi changa ina kazi ya kujenga umoja na kuondoa umaskini, na kwamba orodha hiyo ingewapa majaji, wengi wao Wazungu waliorithiwa kutoka serikali ya kikoloni, silaha ya kukwamisha mipango ya serikali ya wananchi. Mwaka 1962 nchi ikawa Jamhuri. Haki zikatajwa kwenye utangulizi wa Katiba, na mwaka huohuo ikatungwa sheria iliyompa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mtu alipojaribu kuutumia ule utangulizi mbele ya mahakama, mwaka 1973, aliambiwa kwamba utangulizi si sehemu ya Katiba yenyewe. Maneno mazuri, lakini huwezi kumshtaki mtu kwayo.

Orodha halisi iliingia kwa mabadiliko ya tano ya Katiba, Sheria Namba 15 ya mwaka 1984. Hata hapo utekelezaji uliahirishwa kwa miaka mitatu, na mahakama zikaruhusiwa kusikiliza mashauri ya haki kuanzia Machi 1988. Kipindi hicho kilikusudiwa serikali isafishe sheria zake zilizokuwa zikigongana na haki mpya. Usafi wenyewe haukwenda mbali. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kuangalia suala la vyama vingi, ilitaja sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa, na ile ya kizuizini ya 1962 ilikuwa miongoni mwake.

Orodha yenyewe iko Sehemu ya Tatu ya Sura ya Kwanza, kuanzia Ibara ya 12. Humo mna usawa mbele ya sheria, uhai, uhuru wa mtu binafsi, faragha, kwenda utakako, maoni, dini, kukutana na kushirikiana na wengine, kushiriki shughuli za umma, kazi, ujira wa haki na mali. Kisha, kuanzia ya 25, zinakuja ibara za wajibu: kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma, kulinda taifa. Zanzibar ina Katiba yake ya mwaka 1984 yenye sura yake ya haki, na aliyeko Unguja au Pemba anapaswa kuzisoma zote mbili.

Tuangalie kwanza ni ya nani. Sehemu kubwa ya ibara hizi inasema "kila mtu", kwa hiyo mkimbizi, mfanyabiashara mgeni na mtalii wamo ndani yake: hakuna polisi anayeruhusiwa kumtesa mtu kwa kisingizio kwamba si Mtanzania. Chache zinasema "kila raia". Kwenda na kuishi popote ndani ya nchi, Ibara ya 17, ni ya raia. Kushiriki katika utawala, Ibara ya 21, ni ya raia, na kupiga kura kunataka pia umri wa miaka 18. Ila hata "kila mtu" inaweza kupunguzwa huko chini. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, lakini Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, iliyotungwa kuitekeleza, imeifungia haki ya kuomba taarifa serikalini kwa raia peke yao.

Halafu kuna haki ambazo watu wanadhani zimo kwenye orodha hii, kumbe haziko. Elimu ndiyo mfano mkubwa. Katiba inaitaja, Ibara ya 11, kwa lugha ya kuvutia: kila mtu anayo haki ya kujielimisha, na raia yuko huru kutafuta elimu "hadi kufikia upeo wowote kulingana na stahili na uwezo wake". Lakini Ibara ya 11 imewekwa Sehemu ya Pili, ile ya malengo ya msingi na mwelekeo wa shughuli za serikali, na Ibara ya 7(2) inasema wazi kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama yoyote. Mzazi hawezi kuishtaki serikali kwa Ibara ya 11 kwa sababu shule haipo au haina walimu. Anachoweza kutegemea ni sheria za kawaida, kama Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na sera. Elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 ni sera; haikutokana na amri ya mahakama. Kwa maoni yangu hapa ndipo Katiba yetu inapompotosha msomaji wake zaidi kuliko mahali pengine: neno "haki" linatumika kurasa chache kabla ya orodha ya haki, likiwa na nguvu tofauti kabisa, na hakuna alama yoyote ya kumwonya msomaji isipokuwa ile Ibara ya 7 ambayo wachache huifikia.

Turudi kwenye "kwa mujibu wa sheria". Ukiyasoma maneno haya kwa wepesi, utadhani yanasema Bunge linaweza kuchukua chochote mradi tu litunge sheria. Kama ndivyo, orodha yote isingekuwa na maana, na miaka ya mwanzo serikali ilijaribu hoja iliyokaribiana sana na hiyo. Mahakama ya Rufani ikaikataa kupitia kesi mbili ambazo kila mwanafunzi wa sheria nchini anazijua.

Ya kwanza ilihusu dhamana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilikuwa na kifungu kinachokataza dhamana kwa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa lenye shambulio kubwa au tishio la nguvu dhidi ya mtu mwingine, au la kuwa na bunduki au vilipuzi. Mwaka 1991 Mahakama, ikiongozwa na Jaji Mkuu Nyalali, ilisema kumnyima mtu dhamana si lazima kuwe kunavunja dhana kwamba hana hatia. Tatizo lilikuwa kwamba Ibara ya 15 inaruhusu mtu anyang'anywe uhuru kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria, na kifungu kile hakikuwa na utaratibu wowote. Tena kilikuwa kipana mno. Kilikuwa kama nyavu ya kokoro: kinazoa mtu hatari na asiye hatari pamoja, bila hakimu kupata nafasi ya kuwatenganisha. Kikafutwa.

Ya pili, ya mwaka 1993, ilihusu kipengele kilichotaka mtu anayetaka kuishtaki serikali aombe kwanza kibali cha serikali hiyohiyo. Hapo Mahakama ikaweka kipimo kinachotumika hadi leo. Sheria inayobana haki na kutaka kuokolewa na Ibara ya 30 inapaswa kuvuka vizingiti viwili. Isiwe ya kiholela, maana yake iwe na kinga za kutosha dhidi ya matumizi mabaya ya madaraka inayoyatoa. Na ubanaji wake usizidi kile kinachohitajika kweli kufikia lengo halali. Sharti la kibali lilianguka kwenye vyote viwili, kwa kuwa mshtakiwa mtarajiwa alikuwa ndiye mwamuzi wa kama ashtakiwe. Mwaka 1994 Bunge likaleta sharti jingine mahali pake: notisi ya siku 90 kwa serikali kabla ya kufungua kesi. Si kibali tena, ila bado ni foleni.

Kipimo hiki ndicho cha kukumbuka kuliko namba za ibara. Ukisikia kiongozi anasema "haki ina mipaka yake", anasema kweli. Ibara ya 30(1) inasema hivyo pia, kwamba haki ya mmoja haitumiki kukatiza ya mwingine wala maslahi ya umma. Muulize mpaka huo uko kwenye sheria gani. Tamko la jukwaani si sheria. Ukishaitaja sheria, uliza ina kinga gani na kama imebana kuliko haja.

Chukua saa 48. Mkuu wa wilaya ameudhika kwenye mkutano wa hadhara, anasema "mkamateni, alale ndani". Picha hii tumeiona mara nyingi kwenye taarifa za habari. Je, ana uwezo huo? Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, lakini pale tu mtu huyo anapokuwa ametenda kosa la kukamatwa na kushtakiwa, au anapoamini kwa sababu za msingi kwamba mtu huyo anaelekea kuvunja amani au utulivu wa umma na hakuna njia nyingine ya kulizuia. Sababu lazima aziandike. Mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, la sivyo aachiwe. Na sheria hiyohiyo inasema kuyatumia vibaya madaraka hayo ni kosa. Kuchelewa kikao, kujibu kwa ukali au kujenga ghala chini ya kiwango si kuvunja amani. Kwa hiyo, ukamataji mwingi wa namna hii haupiti hata kipimo cha sheria yenyewe, kabla hatujafika kwenye Katiba. Kwa nini unaendelea? Kwa sababu saa 48 zinakwisha kabla mwanasheria hajapata nauli, na aliyetoka anataka kwenda nyumbani, si mahakamani.

Mali nayo ina hadithi yake. Wakati wa operesheni vijiji miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa na mashamba yao kugawiwa wengine. Miaka ya 1980, mahakamani Arusha, baadhi walianza kushinda kesi za kurudishiwa ardhi yao ya kimila. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria iliyofuta haki hizo za kimila katika vijiji, ikakataza fidia, na ikazima kesi zilizokuwa zinaendelea. Baba na mwanawe waliokuwa wameshapewa shamba lao na mahakama wakapinga. Mahakama ya Rufani ikasema ardhi inayomilikiwa kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 sawa na ile yenye hati, na kwamba hata shamba lisilo na nyumba wala mimea ya kudumu linaweza kustahili fidia kwa sababu ya kazi iliyoingizwa ndani yake. Vifungu vya kufuta fidia na kuziba milango ya mahakama vikaanguka. Kwa mkulima asiye na karatasi yoyote mkononi, hii huenda ndiyo hukumu muhimu kuliko zote zilizotokana na orodha ya 1984.

Usawa uliletwa kwa njia isiyotarajiwa pia. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, safari hii akiwa Mwanza, alikuwa na rufaa ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake akadai mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, na kweli kanuni za mila zilizoandikwa miaka ya 1960 zilisema hivyo. Wakati ule Ibara ya 13(5), inayofafanua ubaguzi, ilikuwa haijataja jinsia. Neno hilo liliongezwa mwaka 2000. Jaji akategemea katazo la jumla la ubaguzi na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeridhia, akasema mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume.

Hadi hapa inaweza kuonekana kwamba mahakama ikisema, imekwisha. Haiko hivyo, kwa sababu Katiba yenyewe inabadilishwa na Bunge kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Mchungaji Christopher Mtikila aliijua njia hii kuliko mtu yeyote. Alifungua shauri mwaka 1993 akidai pamoja na mengine haki ya kugombea bila chama na kukutana bila kibali cha polisi. Jaji Kahwa Lugakingira akampa zote mbili mwaka 1994. Kwenye mikutano, sheria ikabadilishwa: badala ya kuomba kibali, unatoa taarifa polisi saa 48 kabla, na polisi wanaweza kuuzuia mkutano. Ni juu ya msingi huo ndipo mikutano ya hadhara ya vyama ilipozuiwa mwaka 2016 na kuruhusiwa tena Januari 2023, mara zote mbili kwa tamko tu, wakati Ibara ya 20 ilikuwa haijabadilika hata herufi. Kwenye mgombea binafsi, Bunge lilibadili Katiba moja kwa moja ili ugombea upitie chama tu. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, akashindwa mwaka 2010 mbele ya majaji saba wa Mahakama ya Rufani, waliosema hilo ni suala la kisiasa la kuamuliwa na Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, nayo mwaka 2013 ikasema haki zake zimevunjwa. Alifariki mwaka 2015. Mgombea binafsi bado hayupo, na mwaka 2019 Tanzania ilitangaza kujiondoa kwenye tamko lililoruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Kujiondoa huko kulianza kufanya kazi Novemba 2020.

Kwa hiyo mlango uliobaki ni wa ndani. Aliye na lalamiko lisilohitaji kufuta sheria, mathalani kunyanyaswa na ofisi ya umma, anaweza kwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoingizwa kwenye Katiba mwaka 2000. Inapokea malalamiko kwa maandishi au kwa mdomo. Haitoi hukumu, inachunguza na kutoa mapendekezo. Anayetaka sheria itamkwe kuwa inapingana na Katiba anakwenda Mahakama Kuu, chini ya Ibara ya 30(3) na Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya mwaka 1994, na shauri husikilizwa na majaji watatu. Wakiona sheria ni mbovu, si lazima waifute papo hapo. Wanaweza kuipa serikali muda wa kuirekebisha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2016, mwanaharakati Rebeca Gyumi alipopinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati kwa mvulana umri wa kawaida ni 18. Mahakama Kuu ikakubali kwamba ni ubaguzi, ikampa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka mmoja arekebishe. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2019.

Mwaka uliofuata hukumu hiyo, 2020, Bunge likabadilisha utaratibu wa kufungua mashauri ya namna hii. Kabla yake, Ibara ya 26(2) ilimruhusu mtu yeyote kuitetea Katiba hata kama si yeye aliyeumizwa. Kwa mabadiliko hayo mlalamikaji alitakiwa kuambatanisha kiapo kinachoeleza jinsi alivyoathirika yeye binafsi, na aonyeshe kwamba amemaliza njia nyingine zote za nafuu. Gyumi alikuwa mtu mzima na mwanasheria. Kwa masharti hayo, shauri lile lingemhitaji msichana mwenyewe wa miaka 15, akiwa na mtu mzima wa kumsimamia mahakamani kwa kuwa umri haumruhusu kwenda peke yake, na mtu huyo asiwe yule mzazi aliyetoa ridhaa aolewe.